Saba iliyokuwa miwili

Swali lenu la wiki hii limeuliza: je, miaka anayotajiwa mhalifu mahakamani ndiyo anayoikaa kweli? Nimelisoma mara mbili. Jibu langu ni hapana, mara nyingi siyo. Ila sababu zake sizo zinazosemwa barazani.

Barazani kwetu hapa Wete, Pemba, nimesikia tangu utotoni kwamba mfungwa huhesabiwa mchana siku moja na usiku siku ya pili, kwa hiyo mwenye miaka thelathini hukaa kumi na tano. Watu wazima wenye akili zao wanaisema kwa kuapa. Si kweli. Siku ya kifungo ni mchana na usiku wake, kama siku yako wewe na yangu. Nadhani uvumi huu umeota kwa sababu watu wanamwona mtu karudi mapema na hakuna aliyewaeleza kwa nini, wakajitafutia hesabu yao wenyewe.

Nitaeleza kwa kisa cha nyumbani. Shangazi yangu ni mjane, anakaa peke yake na mjukuu mmoja. Usiku mmoja wa mwezi wa Mei kijana wa mtaa wa pili alivunja mlango wa uani, akachukua gunia la karafuu kavu, na shangazi alipoamka akampiga ngumi ya uso. Alikamatwa siku ile ile. Kesi ilikwenda miezi minane naye yuko rumande. Januari hukumu ikasomwa: kuvunja nyumba miaka mitatu, wizi miaka mitatu, shambulio mwaka mmoja. Sisi tuliokaa kwenye benchi la nyuma tukajumlisha kwa vidole: saba. Shangazi alitoka pale ameshika mkono wangu, akasema, "Miaka saba, mwanangu. Nikijaaliwa kuwa hai, mjukuu atakuwa mkubwa."

Hakuna aliyemdanganya. Hakimu alisema adhabu zote zitakwenda sambamba, na kwamba zihesabiwe tangu siku aliyokamatwa. Maneno hayo aliyasoma kwa sauti ile ile aliyosomea nambari ya kesi, na sisi hatukuyashika. Adhabu zikienda sambamba, mtu anazitumikia zote kwa wakati mmoja, na ile ndefu ndiyo inayobaki. Kwa hiyo saba ilikuwa mitatu tangu pale pale. Toa miezi minane ya rumande, ikabaki miwili na miezi minne. Halafu, miaka miwili baada ya hukumu, tarehe 12 Januari, katika sherehe za Mapinduzi, Rais wa Zanzibar akatoa msamaha kwa wanafunzi wa Vyuo vya Mafunzo, ndivyo wafungwa na magereza wanavyoitwa kwetu, kama Katiba ya Zanzibar ya 1984 inavyompa uwezo, na kijana akawamo. Miezi minne ya mwisho ikafutwa. Tangu hukumu hadi kutoka: miaka miwili.

Shangazi alikutana naye sokoni, penye samaki. Kijana ndiye aliyeanza: "Shikamoo, bi mkubwa." Shangazi akaitikia marahaba, kwa mazoea ya mdomo, kabla hajajua anamwitikia nani. Alipomtambua, kikapu kikamponyoka na vibua vikamwagika chini. Hakuviokota. Nilipofika kwake alasiri nilimkuta ameegemeza kinu mlango wa uani.

Mambo haya si ya Pemba peke yake. Tanzania Bara, Sheria ya Magereza ya 1967 inamruhusu mfungwa mwenye mwenendo mzuri na anayefanya kazi kupunguziwa theluthi ya kifungo chake. Kenya nayo ina theluthi yake, ingawa si kila mfungwa anaipata. Uingereza wengi walikuwa wakitoka nusu ya kifungo, na Septemba 2024, magereza yalipojaa, wengi wakaanza kutoka baada ya asilimia 40, sehemu iliyobaki wakaimalizia uraiani chini ya masharti. Hata neno "maisha" lina hesabu zake. Uganda kifungo cha maisha kilikuwa kikihesabiwa miaka 20 mpaka Mahakama ya Juu ilipotamka kwamba maisha ni maisha. Na sote tunakumbuka wanamuziki Babu Seya na mwanawe Papii Kocha, waliohukumiwa maisha mwaka 2004, wakatoka Desemba 2017 kwa msamaha wa Rais Magufuli.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi yule kijana alikaa kidogo. Mama yake ni jirani yetu pia, anauza mikate ya kumimina, na nimeiona miaka ile miwili na miezi minane kwa upande wake. Kijana alipelekwa Unguja. Kila baada ya miezi kadhaa bibi yule alikusanya nauli ya boti, akaamka usiku kuteremka bandari ya Mkoani, akavuka bahari kwenda kumtazama mwanawe kwa dakika chache, kisha akarudi na fundo la nguo chafu kwapani. Kijana alimwacha binti yake anatambaa. Mtoto akiuliza baba yuko wapi, akaambiwa yuko chuo, maana ndivyo tunavyoviita kwetu, Chuo cha Mafunzo. Na kwa kuwa chuo anachokijua mtoto ni kile cha Kurani cha pale msikitini, alikwenda akasimama mlangoni siku moja, akawatazama wanaosoma mmoja mmoja. Mwalimu ndiye aliyemrudisha nyumbani. Mwambie mama yule kwamba kifungo kilikuwa kifupi!

Kwa hiyo sitaki vifungo virefushwe, na sitaki msamaha wa Januari uondolewe. Mtu aliyejirekebisha arudi kwao. Linalonichoma ni kwamba mama wa kijana alijua tarehe, kijana alijua tarehe, na shangazi, aliyepigwa ngumi ndani ya nyumba yake, ndiye peke yake aliyebaki na nambari ya uongo. Alijipangia maisha kwa miaka saba. Fundi wa mlango alikuwa hajamwita, alisema atamwita karafuu zikichumwa mwaka unaofuata, haraka ya nini.

Ninaloomba ni dogo. Hukumu ikishasomwa, hakimu amgeukie aliyedhulumiwa na amwambie kwa Kiswahili cha kawaida: ni miaka mitatu, miezi minane imeshakwisha, atatoka Mei ya mwaka fulani, na anaweza kutoka kabla akisamehewa. Dakika moja haifiki. Na jina likiingia kwenye orodha ya msamaha, taarifa ipelekwe kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, wa shehia kosa lilikotendeka, siku chache kabla ya mtu kutoka. Sheha wetu anaijua nyumba ya shangazi. Kutoka ofisini kwake hadi pale mlangoni ni mwendo wa dakika tano, na njia yote ni ya kivuli.

Msomaji, Wete, Pemba