Msimu wa kuonja mvinyo Dodoma

Ndugu uliyeuliza ni lini utembelee kiwanda cha mvinyo hapa Dodoma, nakushauri uje Agosti au Septemba, kwa kuwa zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka na zile za kiangazi hukomaa bila kuharibiwa na mvua. Piga simu kiwandani mapema. Ukifika Hombolo, nje kidogo ya mji, kiliko kiwanda, omba kwanza kuona matangi ambamo juisi ya zabibu nyekundu huchachuka pamoja na maganda yake, maana rangi na ukakasi wa mvinyo mwekundu hutoka humo. Kisha onja mweupe usio na sukari, ufuate mwekundu (wa zabibu za Makutupora naupenda mno), na ule mtamu uuache mwisho, kwani hufunika ladha ya mingine yote.