Kabla hujamkabidhi ajenti zana inayofuta

Nyie mnaoingia kwenye kazi hii sasa mmekuta jukumu ambalo sisi tulipoanza halikuwepo: kuandika maelezo ya zana ambayo msomaji wake si mtu. Ajenti wa akili mnemba anasoma mistari yako minne, anachagua zana, anaiendesha. Hana jirani wa meza ya pili wa kumwuliza, "Nikibonyeza hii itagusa nini?" Kwa hiyo, kama zana inafuta, anza kuandika kinachopotea. Namna ya kuitumia ifuate baadaye.

Chukua `find`, amri ya kutafuta faili ambayo kila mtu anadhani anaijua. `find . -name "*.log" -delete` inafuta faili za logi. Ukigeuza mpangilio ukaandika `find . -delete -name "*.log"`, inafuta kila kilichomo kwenye folda, kwa sababu amri hiyo inafuata maneno yake kuanzia kushoto na inafika kwenye kufuta kabla haijafika kwenye jina. Sasa ukimwandikia ajenti "Hutafuta na kufuta faili", umesema kweli na hujamsaidia kitu. Mimi ningeandika hivi:

"Hufuta moja kwa moja, faili haziendi kwenye kapu la taka. Weka `-delete` mwishoni daima. Endesha kwanza bila `-delete` usome orodha. Ukiona faili usizozitarajia, simama umwulize mtumiaji."

Sikuandika "tumia kwa uangalifu" popote. Maneno hayo yamejaa kila mwongozo, hayamwambii msomaji afanye nini. Onyo lenye kazi hutaja kitu cha kuangalia na mahali pa kusimama.

Halafu sema kama maji yakimwagika yanazoleka, maana hapa zana zinazofanana sura hutofautiana sana. `DROP TABLE`, amri ya kufuta jedwali la hifadhidata, ikiwa ndani ya muamala wa PostgreSQL unaweza kuighairi kwa `ROLLBACK`. Kwenye MySQL, hifadhidata nyingine, amri hiyohiyo inathibitishwa papo hapo, hakuna cha kughairi. Au angalia git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo. Baada ya `git reset --hard`, komiti (matoleo uliyokwisha kuyahifadhi) zilizotoweka kwa kawaida utazipata kupitia `git reflog`, kumbukumbu ya hatua zako. Lakini faili zilizofagiliwa na `git clean -fd` ni zile ambazo git haikuwa ikizifuatilia, kwa hiyo haina nakala yake. Zote mbili watu huziita "kusafisha", na ajenti atazichukulia hivyo usipomtenganishia.

Njia ya kurudisha nayo iandikwe. Julai 2025, ajenti wa Replit, jukwaa la kutengenezea programu, alifuta hifadhidata ya mradi wa mjasiriamali Jason Lemkin ingawa alikuwa ameagizwa asibadilishe chochote, kisha akamwambia data haiwezi kurudishwa. Ikaja kuonekana kwamba inaweza.

Tukio hilo linaonyesha jambo jingine ambalo wageni wengi hulikataa: maelezo si kufuli. Aliagizwa, na akafuta. Kufuli ni ruhusa za akaunti, ni `prevent_destroy` ya Terraform (zana ya kusimamia miundombinu) inayozuia rasilimali isifutwe, ni kumpa ajenti akaunti ya kusoma tu anapokuja kusoma. Itifaki ya MCP, inayounganisha ajenti na zana, yenyewe inaziita alama zinazoeleza tabia ya zana vidokezo. Ukiacha kujaza `destructiveHint`, alama ya zana inayoweza kuharibu, inahesabiwa kuwa kweli, yaani zana inachukuliwa kwamba yaweza kuharibu. Nawaona watu wakiigeuza kuwa `false` ili tu mtumiaji asisumbuliwe na maswali ya ruhusa. Usifanye hivyo. Kama maswali yamezidi, gawa zana: ya kusoma iwe peke yake, ya kufuta peke yake. Zana moja yenye kigezo cha "hatua" kinachopokea soma, andika au futa inamfanya mtumiaji akubali kusoma, na kufuta kupenye humohumo.

Mifano ndiyo sehemu ninayoikagua kwa ukali kuliko zote, kwa kuwa ajenti hunakili mfano kabla ya kutii maelezo. Mfano wa kwanza wa `rsync --delete`, inayonakili folda na kufuta ziada kule zinakonakiliwa, uwe na `--dry-run`, yaani jaribio lisilogusa faili. Wa `git push` ya kulazimisha uwe na `--force-with-lease`, inayokataa kufuta kazi mpya ya mwenzako usiyoiona, kamwe si `--force` tupu.

Ujumbe wa kosa nao ni maelezo, tena unasomwa kuliko mwongozo. Ukiendesha `git clean` bila swichi, inakataa, na katika kukataa inaitaja `-f`. Mtu anaposoma anasita. Ajenti anaona jibu la tatizo lake, anaongeza `-f`, anaendelea. Kwenye zana yako, ujumbe wa kukataa uelekeze kwanza kwenye jaribio linaloorodhesha bila kufuta: "Endesha kwa `-n`, mwonyeshe mtumiaji orodha."

Ukimaliza kuandika, tengeneza folda ya majaribio yenye faili za bandia, mpe ajenti maelezo yako na ombi la juujuu kama "nipunguzie nafasi humu", kisha soma amri alizoendesha, moja baada ya nyingine. Akifuta kabla ya kuorodhesha, rudi kwenye sentensi yako ya kwanza uiandike upya.