Maswali Yenu: "Mie hupiga harusi za wanawake Lamu, naweza kuwa DOP?"

*Assalam aleikum dada. Mie ni msichana wa Langoni, Lamu, nina miaka 22, hupiga video za harusi upande wa wanawake manake kwenye kupamba wanaume hawaingii na simu zetu hukusanywa mlangoni. Kazi naipata alhamdulillahi. Lakini nataka filamu na tamthilia, niwe yule mkuu wa kamera wanamwita DOP, na baadaye mwongozaji. Baba asema hiyo kazi ya wanaume na tena lazima niende Nairobi nikasome. Watu wa mtaani nao wanambia ukishika kamera miaka mingi unapanda mwenyewe mpaka unakuwa dairekta. Ni kweli? Na ntaonyesha kazi gani ikiwa zangu zote ni za siri?*

Wa aleikum salaam mdogo wangu. Nianze na hilo la kupanda kwa sababu ndilo linapoteza vijana wengi. DOP hapandishwi cheo akawa mwongozaji, hizo ni kazi mbili. Mwongozaji anashughulika na hadithi na waigizaji, tukio lisimuliwe vipi, nani anyamaze wapi. DOP anaamua mwanga utoke upande gani, lenzi ipi, kamera isogee ama itulie, na ana watu wake wa kamera na wa taa wanaomsikiliza yeye. Kwenye seti kubwa mara nyingi hata kamera haishiki, kuna opereta.

Ngazi ipo lakini ni ya ndani ya idara ya kamera yenyewe. Unaanza mwanagenzi, unachaji betri na kubeba masanduku, kisha msaidizi wa pili anayepiga kibao kile cha mbele ya kamera tukio likianza na kuandika ripoti za kadi za kamera, halafu msaidizi wa kwanza, yaani fokasi pula, halafu opereta, ndio baadaye DOP. Hapo kwa fokasi pula nataka utulie kidogo. Yule mtu anasimama ubavuni mwa kamera, kashapima kwa tepu kutoka kwenye lenzi hadi usoni mwa mwigizaji, na mwigizaji akisogea nusu hatua bila kuambiwa yeye azungushe pete ya lenzi papo hapo, akichelewa jicho linaingia ukungu na hakuna mhariri wa kulirudisha. Ukifanya kazi hiyo vizuri kila DOP atakutaka, na unakuwa umesimama pale pale karibu unaona mwanga unavyojengwa siku nzima, hiyo ni shule na unalipwa.

Wapo waliovuka kutoka kamera hadi kuongoza, sikatai. Nicolas Roeg wa Uingereza alianza 1947 kwenye studio ya London akipika chai na kupiga kibao, akawa opereta, akawa DOP, akaja kuongoza filamu zake. Zhang Yimou wa Uchina alisomea kamera, akapiga filamu za wenzake, na filamu yake ya kwanza kuongoza ikachukua Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, 1988. Lakini Roger Deakins, ambaye wengi wetu wa kamera tunamtazama kama mwalimu, alianzia kwenye dokumentari, baadhi zikimpeleka mpaka Eritrea, akabaki na kamera yake maisha yote. Aliteuliwa Oscar mara 13 bila kushinda, ya 14 ndio akapata, 2018. Kwa hiyo usiishike kamera kama mtu anayengojea kiti kingine. Ukiipenda yenyewe itakulea.

Sasa baba. Usibishane naye, na ukweli ni kwamba halisemi hilo kutoka hewani. Hiyo 2018 ndio mara ya kwanza mwanamke kuteuliwa Oscar ya upigaji picha, Rachel Morrison wa Marekani, na tuzo ilikuwa imefika awamu ya 90! Lakini muulize baba kwa upole, kule kwenye kupamba nani anaingia na kamera? Sisi Pwani mambo yamegeuka, mwanamume mwenye kamera ya bei yoyote anabaki nje, wewe uko ndani ukumbini na taa mbovu za rangi, watu mia, bibi harusi hawezi kurudia kuingia mara ya pili, na lazima upate picha. Presha hiyo imeshakufundisha kitu ambacho wengi hutoka chuoni bila kukipata. Na tamthilia zetu nyingi zinachezwa vyumbani, ndani ya nyumba za watu, huko mwenye nyumba akiona kuna mwanamke kwenye kamera moyo wake unatulia.

Za harusi usizionyeshe hata sekunde moja, tafadhali. Hata bibi harusi akikuruhusu, waliokaa nyuma yake hawakuruhusu, na siku neno likitoka Langoni kwamba unaonyesha, jina limekwisha. Shuti kazi mpya. Nenda Matondoni kwa mafundi wa majahazi, omba ruhusa, kaa nao kutoka asubuhi, utoke na dakika 3 bila mtu kusema neno, mikono, misumari, pamba inavyosukumwa kati ya mbao, uso wa fundi akinyoosha jicho kuangalia kama ubao umekaa sawa. Halafu fanya ya pili hapo hapo mtaani kwenu. Saa sita jua linashuka wima kati ya kuta, nusu ya uso nyeupe nusu giza, usishuti saa hiyo. Ngoja baada ya alasiri, mweke mtu wako kwenye daka, akae barazani, ukuta mweupe wa mbele utamrudishia mwanga usoni laini kabisa bila taa hata moja. Akiwa amevaa buibui kuwa makini, ukiacha kamera ijipimie yenyewe itaona weusi mwingi itafungua mwanga zaidi uingie, ukuta utaungua kwa weupe na uso utapauka. Weka manyuali, uamue mwanga mwenyewe, pima kwa uso.

Nairobi kuna chuo cha mawasiliano cha KIMC na vyuo vingine, na faida kubwa ya kwenda ni watu, wale mtakaoitana kazini baadaye. Ukipata ada nenda. Usipopata, usikae ukangoja. Judy Kibinge, mwongozaji wa Kenya, alitoka kwenye matangazo ya biashara kabla ya kuongoza filamu, tena ndiye aliyeanzisha DocuBox inayosaidia dokumentari Afrika Mashariki, fuatilia miito yao ya kuomba ufadhili.

*Shikamoo dada. Niko Maweni, Malindi, nilifanya kazi ya kutumwatumwa kwenye tamthilia moja, nikaambiwa nikikaa chini ya asistanti dairekta ntakuwa dairekta. Na marafiki wanasema TV ni ya walioshindwa, nisubiri filamu. Nifanyeje?*

Marahaba. Asistanti dairekta wa kwanza ndiye mwenye ratiba na saa, ndiye anayejua mwigizaji gani hajafika na jua litazama lini, na wengi wao huishia kusimamia uzalishaji. Tosh Gitonga alikuwa msaidizi wa mwongozaji kwanza, akaongoza filamu iliyokuwa ya kwanza kupelekwa na Kenya kwenye Oscar, 2012. Kwa hiyo inawezekana, ila sharti uwe na kazi yako mwenyewe pembeni, mtu hakupi filamu kwa kuwa ulikuwa unawahi.

Hilo la TV sikubaliani nalo hata kidogo. Steven Spielberg, mwongozaji maarufu wa Marekani, alikuwa na miaka 22 alipoongoza TV mara ya kwanza 1969, akiwa na mwigizaji mkongwe Joan Crawford mbele yake, na ile filamu yake ya papa wa baharini, Jaws, ilikuja 1975. Sidney Lumet, mwongozaji mwingine wa huko, naye alitokea kwenye TV ya moja kwa moja. Kwenye tamthilia waongozaji hubadilishana vipindi, sura ya kazi huwekwa na yule wa mwanzo pamoja na DOP wake, anayekuja baadaye lazima afuate, na kwa siku moja mnapiga matukio mengi mpaka mnachoka. Huko utajifunza kuamua haraka na kuzungumza na waigizaji. Ukiitwa tena kwenye seti, omba skripti ya kesho, usiku chora wewe ungeipiga vipi, asubuhi linganisha na alivyofanya mwongozaji. Na tafuta watu wa maigizo hapo Malindi, andikeni dakika 10, Kiswahili ama Kigiriama, uongoze.

*Dada, nimenunua droni, naweza kupiga mji wa Lamu kutoka juu niweke kwenye shorili yangu, ile video fupi ya kuonyesha kazi zangu?*

Kwanza kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, usirushe bila hicho, na kumbuka uwanja wa ndege uko Manda, ng'ambo tu hapo. Kisha zungumza na watu wa mtaa, nyumba za Lamu zina nyua za ndani na mapaa ambako wanawake wako bila mitandio. Ukipata vyote viwili, sekunde 5 za juu zinatosha, mwenye kukuajiri anataka kuona nyuso.