Neno Halitembei Peke Yake

Nilipokuwa sekondari niliandika insha ya Kiingereza kuhusu muuguzi aliyemhudumia bibi yangu. Nilitaka kusema alisifika kwa upole. Nikafungua kamusi, nikakuta "notorious" maana yake mashuhuri, nikalitia. Insha ilirudi neno hilo likiwa limezungushiwa wino mwekundu, na pembeni mwalimu ameuliza: "Alifanya ubaya gani?" Kumbe "notorious" ni mtu anayejulikana kwa mabaya, kama vile tapeli au mwizi sugu. Mtu niliyetaka kumsifu, nilimtukana. Iliniuma sana.

Wakati huo nilikuwa nakariri maneno 20 kila usiku, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Majaribio ya msamiati nilifaulu. Lakini nikishika kalamu kuandika insha, maneno yale hayaji, au yanakuja na kukaa mahali pasipo pao. Leo nafundisha, na naona wanafunzi wangu wakipita njia ileile.

Ninachowaambia ni hiki: usijifunze neno bila majirani zake. Kwetu mtu hufanya kazi, hufanya kosa, hufanya uamuzi. Kitenzi ni kilekile. Kwa Kiingereza kazi ya nyumbani ni "do homework", kosa ni "make a mistake", uhalifu ni "commit a crime". Mvua yetu ni kubwa, yao ni nzito: "heavy rain". Mambo haya huwezi kuyabahatisha kwa kutafsiri. Lazima uyaone yakiwa pamoja na uyabebe pamoja.

Kwa hiyo daftari langu lilibadilika. Kila neno nililipa nusu ukurasa. Juu, sentensi nzima nilipolikuta, nimeinakili kama ilivyo. Chini yake, maneno mawili au matatu yanayopenda kuandamana nalo. Kisha sentensi yangu mwenyewe, ya jambo la kweli lililonipata wiki hiyo. Kwa "reluctant", kwa mfano, niliandika "reluctant to admit", halafu nikaeleza nilivyosita kukiri kwamba nimevunja kikombe cha mama. Neno lile sijalisahau mpaka leo. Kwa mwendo huo yalitosha maneno kumi kwa wiki.

Yapi sasa? Wanafunzi wengi hukimbilia maneno ya mapambo, marefu na adimu, wakidhani ndiyo yanayoleta alama. Mimi siwaungi mkono. Mwaka 2000 Averil Coxhead, mtafiti wa New Zealand, alitoa orodha ya familia 570 za maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali. Peke yake hufikia karibu asilimia 10 ya maneno katika maandishi hayo. Humo utakuta "analyse", "imply", "significant", "justify". Hayo ndiyo maswali ya mtihani yanavyoandikwa! Nimeona mwanafunzi anayeijua biolojia vizuri akipoteza alama kwa sababu swali lilisema "justify" naye akaeleza tu, bila kutoa sababu.

Neno familia lisikutishe. Anayezungumza Kiswahili analijua jambo hili tangu utotoni: soma, somo, msomi, usomaji, somesha. Ukipata "analyse", chukua na "analysis", "analyst", "analytical" papo hapo. Ila yatamke kwa sauti, maana mkazo wetu hutulia kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, wa kwao huhama. Kwenye "analyse" uko mwanzoni, kwenye "analysis" unasogea silabi ya pili, kwenye "analytical" unafika ya tatu. Neno usiloweza kulitamka utaliogopa darasani, na usipolitumia litapotea.

Mizizi ya Kilatini na Kigiriki husaidia pia. Ukijua "spect" ni kutazama, basi "inspect", "spectator" na "retrospect" yatakufungukia. Itumie kukisia, kisha hakikisha kwenye kamusi iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza, ile yenye sentensi za mfano.

Kuhusu kusahau, usijilaumu. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alijipima kumbukumbu mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885: tunasahau haraka sana mwanzoni, halafu kasi inapungua. Rudia kesho yake, siku ya tatu, baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Funika ukurasa, jaribu kulisema neno na majirani zake, ndipo ufunue. Kusoma tu huku umelikodolea macho hukupa hisia kwamba umelishika, na hisia hiyo hudanganya.

Na soma. Chagua habari unayoipenda kwa dhati, iwe mpira, nyota au historia, ukurasa mmoja kila siku. Pigia mstari maneno mawili tu, yale ambayo bila hayo hukuelewa aya. Mengine yaache yapite. Yenye umuhimu utakutana nayo tena, na safari hiyo yatakuwa na sura unayoikumbuka.