Kabla hujafungua shauri la talaka, isome hiyo karatasi ya baraza

Wadogo zangu mawakili, na nyie wasaidizi wa kisheria mnaowaandikia watu maombi ya talaka: nimepitia majalada yenu ya karibuni na nimechoka. Ukatili mnauandika vizuri mpaka msomaji anataka kulia. Ukifika kwenye viambatisho, mahali pa hati ya baraza la usuluhishi wa ndoa unakutana na barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa anathibitisha mkazi, jamani, hasuluhishi ndoa. Haya ninayowaambia yameniuma kwanza mimi.

1. Fomu Namba 3, ndiyo hiyo hati ya baraza, inasomwa kabla ya kuandika neno lolote. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania, kinachotaka mgogoro upite barazani kwanza, mnakijua kwa moyo, lakini mnaishia kuangalia kama kuna mhuri. Na mimi niliishia hapohapo.

Mteja wangu alikuwa mama ntilie. Alinijia na karatasi ya baraza la kata imekunjwa mara nne, ina mafuta ya kupikia pembeni. Kichwa cha habari kipo, mhuri upo, sahihi ya mwenyekiti ipo. Nikaiambatisha, nikahamia kwenye kile nilichokipenda: vipigo, mwanamke wa nje, miaka ya kutelekezwa. Kesi ikaenda vizuri ajabu. Mahakama ya wilaya ikavunja ndoa na kumpa sehemu ya nyumba. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Mume akakata rufaa. Wakili wake alikuwa mzee mmoja mpole, miwani puani, hakuwa na makaratasi mengi. Alisimama akasema: "Mheshimiwa Jaji, namwomba wakili msomi mwenzangu atusomee mstari ambao baraza linasema limeshindwa kuwasuluhisha hawa wawili." Nikafungua ukurasa. Nikasoma kimoyomoyo, nikarudia. Karatasi ilisema: "Tunamleta kwako mtajwa hapo juu kwa hatua zaidi." Basi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mume aliitwa, kwamba alikuja au alikataa kuja, wala kwamba usuluhishi umeshindikana. Ilikuwa barua ya utambulisho tu, nami nilikuwa nimejenga juu yake nyumba nzima.

Mwenendo ukafutwa, hukumu ikafutwa, mgawanyo wa mali ukaenda navyo. Pale koridoni mama akaniuliza, "Kwa hiyo mimi bado ni mke wake?" Nikamjibu ndiyo. Hakunitukana. Aliniuliza kama nauli ya siku ile nitamrudishia, maana alikuwa amefunga biashara ili aje kusikia. Nilimrudishia. Aliporudi kata, wajumbe wa baraza walikuwa wameshabadilika, tukaanza kuitisha wito upya. Wakati huo mume alikuwa ameshauza kiwanja cha pili.

Siku hizi mna hukumu ya Hassani Ally Sandali dhidi ya Asha Ally, ambapo Mahakama ya Rufani imesema wazi kuwa bila hati halali ya baraza shauri limefunguliwa kabla ya wakati wake. Mimi sikuwa na hata haja ya hukumu hiyo, kifungu kipo tangu 1971. Kwa hiyo: fomu iseme imeshindikana, iwe na matokeo ya baraza, na tarehe yake isizidi miezi sita nyuma ya siku unayofungua shauri. Mume akigoma kuja, baraza liandike kwamba aliitwa akagoma, maana hilo nalo limo kwenye 101. Na kama mhuri umepigwa juu ya tarehe mpaka haisomeki, mrudishe mteja akaandikiwe nyingine leo leo.

2. Kiwanja kile kingepona kama ningeweka zuio kwa msajili wa ardhi mapema. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, kifungu cha 59 kinasema hivyo, lakini mnunuzi hatembei na Sheria ya Ndoa mfukoni.

3. Barazani usiende na tai yako. Wakili hawakilishi mtu pale. Mwandae mteja nyumbani, mwambie aongee mambo matatu makubwa, asianze na ugomvi wa mawifi wa mwaka wa harusi. Wazee wa baraza wana subira, ila na wao wana njaa ikifika saa saba.

4. Acheni kuwaahidi watu "nusu kwa nusu". Kifungu cha 114 kinaangalia mchango, na tangu hukumu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, kazi za nyumbani ni mchango. Lakini mchango unathibitishwa. Nyie mnaandika "mwombaji alichangia kwa hali na mali", halafu mnakaa. Hali ipi? Mali ipi? Shahidi bora niliyewahi kumsimamisha alikuwa fundi mwashi. Hakuwa na risiti hata moja. Alieleza kuwa tofali alizileta baba, ila maji ya kufyatulia alibeba mama kichwani toka bomba la jirani, ujauzito ukiwa mkubwa, na chakula cha mafundi alipika yeye mpaka siku ya kupaua. Wakili wa upande wa pili akamuuliza anajuaje ujauzito ulikuwa mkubwa. Fundi akasema, "Nilikuwa nampokea ndoo." Maswali yakaisha.

5. Watoto. Chini ya miaka saba dhana ni wakae na mama, na ni dhana tu, inapingika. Ripoti ya afisa ustawi iombe mapema, na mteja anayetaka watoto ili amkomoe mwenzake mwambie hivyo usoni, ada yako isikuzibe mdomo.

6. Kwa ndoa za Kiislamu, mume kukuletea talaka aliyoiandika nyumbani hakukupunguzii safari ya baraza. Soma kifungu cha 107(3) taratibu: baraza kwanza lithibitishe limeshindwa, ndipo tendo la talaka linalofuata lina kazi mahakamani.

7. Rufaa kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45, na inafunguliwa palepale ilipotoka hukumu. Karani wa Mahakama Kuu amechoka kuwarudisha.