Rafiki amekula pesa zangu, nami ninaijua siri yake

*Hujambo shangazi? Nina miaka 34, naishi hapa Nakuru. Mwaka 2023 nilimkopesha rafiki yangu wa tangu shuleni shilingi 160,000 afungue saluni. Nilimtumia kwa M-Pesa mara tatu na hatukuandikiana popote, ila niko na ujumbe wake akisema ataanza kunilipa saluni ikishika. Saluni imeshika. Mimi kodi ya nyumba inanishinda. Nilipoenda kumuuliza alinicheka mbele ya wateja, akasema kama nina ushahidi nipeleke ninakotaka.*

*Shangazi, mtoto wake wa kwanza, mwenye miaka tisa, si wa mume wake. Aliniambia mwenyewe usiku mmoja akilia. Nimeandika ujumbe wa kuweka kwenye grupu ya WhatsApp ya mtaa wetu, na mume wake yumo. Bado sijautuma. Watu wa kanisa wananiambia nisamehe, lakini Biblia hiyo hiyo inasema jicho kwa jicho. Mimi naona hiki si kisasi, ni haki yangu. Ama nimekosea?*

*Niliyechekwa, Nakuru*

Mwanangu, usiutume. Naanza na hilo kwa sababu ujumbe umeshauandika na simu iko mkononi mwako. Mengine tutayazungumza polepole.

Sikulaumu kwa hasira hiyo. Mtu baki akikudhulumu inauma, lakini anayekujua tangu utotoni, uliyemtoa chini ukamsimamisha, akikucheka mbele ya wateja aliowapata kwa pesa zako, hapo hata usingizi unakimbia. Tena nimeona jina ulilojipa. Hukujiita anayedai, umejiita aliyechekwa. Kicheko kile kimekuumiza kuliko deni lenyewe, na ujumbe ulioandika unajibu kicheko. Ukiutuma leo, kesho asubuhi zile 160,000 bado utakuwa huna, na mwenye nyumba atabisha hodi vilevile.

Umeuliza kama ni haki au kisasi. Mimi huangalia ni nani atakayelipa. Deni ni la rafiki yako, lakini kwa ujumbe huu mlipaji wa kwanza ni mtoto wa miaka tisa. Ndiye atakayeulizwa maswali shuleni. Ndiye atakayemtazama baba yake asijue kama bado amuite baba. Yeye hakukopa kwako hata shilingi.

Sisi tunaoishi Nakuru tunajua kisasi kinavyokosa mwenyewe. Mwishoni mwa Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika hapa na Naivasha, watu walishambuliwa kulipizia yaliyokuwa yametendeka kwingine katika Bonde la Ufa. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliyaeleza hayo katika ripoti yake mwaka huo huo. Waliofukuzwa na kuchomewa nyumba hapa mjini hawakuwa wale waliokuwa wamechoma nyumba za watu huko. Walikuwa wapangaji, wauza mboga, wanafunzi. Na wengi wa waliobeba mapanga, ungewauliza, wangekuambia wanatafuta haki. Sifananishi ujumbe wako na damu iliyomwagika siku zile. Nakuonyesha tu kwamba mtu anaweza kuamini kwa moyo wote kuwa anadai haki, na huku anampiga asiyehusika.

Nayo jicho kwa jicho, isome vizuri. Iko Kutoka 21, na kazi yake ilikuwa kuweka kipimo: aliyetolewa jicho moja asitoe mawili, wala asiteketeze boma zima. Jicho la 160,000 ni 160,000. Halafu fungua Kumbukumbu la Torati 24, mstari wa 16, uone inavyokatazwa mtoto kuuawa kwa kosa la mzazi wake.

Kuhusu wale wa kanisani, nadhani wanakuharakisha, na hilo linaniudhi kidogo. Kusamehe hakufuti deni. Unaweza kumsamehe mtu na bado ukamdai hadi senti ya mwisho, na wala Mungu hatakuhesabia dhambi.

Sasa twende kwa pesa, maana hapo ndipo una nguvu kuliko unavyodhani. Rafiki yako amekuambia upeleke unakotaka, basi upeleke. Tunayo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 2021 na sasa iko Nakuru pia. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kule hawabanwi sana na kanuni ngumu za ushahidi, kwa hivyo usitishwe na kwamba hamkuandikiana. Pata taarifa ya M-Pesa inayoonyesha ile miamala mitatu. Ule ujumbe wake wa kuahidi kulipa ndio dhahabu yako: aliyeahidi kulipa amekiri kwamba anadaiwa. Upige picha, uhifadhi mahali pengine, na simu yenyewe usiifute wala usiiuze. Muda haujakupita, kwani deni la mapatano linaweza kudaiwa mahakamani hadi miaka sita.

Kabla ya kwenda, mwandikie barua fupi ya kudai. Taja kiasi, tarehe ulizotuma, na siku 14 za kulipa. Usimtukane humo. Na tafadhali, hata kwa fumbo, usimwambie alipe la sivyo utasema. Kumtisha mtu kwa siri yake ili akupe pesa kunaweza kuwa kosa la jinai, hata kama pesa ni zako kweli. Kuianika kwenye grupu nako kuna hatari yake: sheria ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta ina kosa la kumsumbua mtu mtandaoni, na faini yake inaweza kufika shilingi milioni 20. Leo wewe ndiye mdai. Usijigeuze mshtakiwa kwa ajili ya mtu aliyekula pesa zako.

Akija na nusu, pokea, mwandikiane na mtie sahihi mbele ya shahidi. Akiomba kulipa kidogo kidogo, kubali tu kama kuna tarehe.

Urafiki wenu sidhani utarudi, na huna wajibu wa kuurudisha. Lakini siri ile hukupewa kama dhamana ya mkopo. Alikuambia akilia, akiamini uko upande wake, na usiku ule ulikuwa kweli upande wake. Aliyoyafanya baadaye ni yake.

Futa huo ujumbe wa grupu kabla hujalala, maana simu iliyo na ujumbe tayari ikikutana na siku mbaya, kidole hakingoji. Na siku ya kesi, mwamuzi akiuliza mlijuana vipi, jibu mlisoma pamoja, kisha umpe taarifa ya M-Pesa. Habari za mtoto hazihitajiki pale.