Je, Palizi ya Pamoja Yaweza Kupatanisha Ndugu?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Niko Tandahimba. Baba alifariki akamwacha mama, sisi wanaume wawili, dada mmoja na shamba la mikorosho 80 ambalo halijagawanywa. Msimu uliopita kaka aliuza korosho zote kwa jina lake, na tangu hapo hatusalimiani. Mama anataka tupalilie pamoja ili nyoyo zirudi. Itasaidia?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullah. Mama amenena jema, ila pa kuanzia si hapo. Mkiingia na majembe kwenye shamba lenye mgogoro, kila shina litazua swali: hili la nani?

Anza na salamu, leo hii. Mtume (s.a.w.) amesema si halali kwa Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni yule anayeanza salamu. Usingoje kuombwa radhi.

Kisha mirathi. Lipeni madeni ya marehemu, na wasia usiozidi thuluthi. Ikiwa wazazi wa baba hawapo hai na hakuna mrithi mwingine, yaliyobaki ni mafungu 40: mama 5, kila mwanamume 14, dada 7. Kwa miti 80, mama 10, nyinyi 28 kila mmoja, dada 14. Hapa wengi huteleza, wakahesabu mashina wakasahau mazao. Mkorosho mkongwe uliokauka nusu haulingani na ulio katika nguvu zake, basi linganisheni thamani, muweke mashahidi na muandike. Fedha za msimu uliopita nazo zifuate mafungu hayohayo, baada ya kutoa gharama za salfa (unga wa dawa ya mikorosho) na vibarua alizolipa kaka. Na dada asiambiwe "wewe umeshaolewa". Fungu lake amepewa na Allah.

Sasa palizi. Anzeni na miti 10 ya mama, asubuhi moja tu, na habari za mirathi ziachwe nyumbani. Mkila, dada naye akae mkekani, asiachiwe jiko. Mabibo, yaani matunda ya mkorosho, yakianza, uraka (pombe yake) usiletwe shambani: ni haramu, na ulevi hufukua yaliyokwisha.

Faida kubwa zaidi mtaiona kwenye kupulizia salfa. Mtatoka alfajiri, umande ungali majanini ili unga ushike, na upepo umetulia. Mmoja ana mashine mgongoni, mwingine anajaza salfa na kumwelekeza upande wa kusimama. Kazi hiyo haiendi bila kusemezana.

Wallahu a'alam.